Sinia Lililorudi Tupu

Wageni waliokuja Malindi miaka ile ya themanini walipenda kuniuliza mlango wetu una umri gani. Walisimama kichochoroni na kamera shingoni, wakapapasa nakshi na misumari ya shaba, na mimi nimesimama hapo na ndoo mbili, kanga imeniteleza kichwani, nangoja wanipishe. Nilikuwa nawajibu, "Mlango umenizidi umri, lakini si kwa mengi." Wakacheka, wakapiga picha, wakaenda zao kutafuta nguzo ya Mreno. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza maji yalitoka lini mara ya mwisho.

Mji wetu unajisifia bahari, lakini bwana wake ni mto. Sabaki huuoni kutoka mtaani kwetu. Uko kaskazini, njia ya Mambrui, na wako watu waliozaliwa mji wa kale wakazeeka bila kuutia mguu. Basi mvua inanyesha huko bara, mbali, kwa watu tusiowajua, na sisi ndio tunaoadhibiwa. Mto unashuka mwekundu. Bahari inageuka rangi ya chai ya maziwa, tope linajaa pwani, wazungu wananuna hotelini. Halafu mifereji ya nyumbani inaanza: kwanza inatapika udongo, kisha inakohoa, kisha kimya. Kwa sababu maji yetu ya mfereji ni ya mto huohuo, na mto ukichafuka mitambo husimama. Mji wenye historia ya mamia ya miaka, na mwanamke mzima anaamka alfajiri kuubembeleza mfereji ukutani. Nilichoka, jamani. Wengine wana urefu, wengine wana weupe. Mimi nilikuwa na uchovu.

Mume aliniacha nikiwa bado kijana, nikarudi kwa mama. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki. Tulibaki wawili katika nyumba ya mawe ambayo chokaa yake ilituangukia kwenye chakula, na paa lilikuwa likivuja mahali papya kila msimu. Mama miguu ilimvimba. Tangu asubuhi alikaa dakani, pale mbele ya mlango penye mabaraza ya mawe, akipokea salamu za mtaa mzima, na hakuna aliyepita asiulizwe anakwenda wapi. Mimi alfajiri nilikaanga mahamri ya kuuza, kisha maji, kisha kufua, kisha maji, kisha kumkanda mama miguu kwa mafuta ya nazi, na kabla sijanawa mikono nasikia, "Mwanangu, pipa lina kitu?" Maji ya kisima cha mtaani yalikuwa ya chumvi, hayafai ila kuoshea sakafu. Ya kunywa na ya kupikia yalikuwa kisima cha msikitini, na huko ilikuwa foleni na matusi ya wanawake wenzangu, wote wamechoka kama mimi, kila mmoja akidai ametangulia.

Ndipo ikaja posa.

Mwenyewe alikuwa mtu wa Mambrui, ng'ambo ya mto, fundi cherehani aliyefiwa na mkewe. Mtu mzima, mpole, maneno yake ya kuhesabika. Dada yake aliolewa mtaani kwetu, vichochoro viwili tu kutoka dakani kwa mama, na alipokuja kumtazama alinunua mahamri yangu. Siku moja alisema, "Haya yana iliki ya kutosha." Basi. Ndiyo mapenzi yote niliyotongozwa. Lakini mwanamke aliyekaa miaka hasikii neno ila "pipa lina kitu?", iliki ya kutosha si jambo dogo. Kisha dada yake akanipenyezea kwamba nyumba ya Mambrui ina kisima uani, maji matamu, unatumbukiza ndoo bila kugombana na mtu. Sisemi uongo: kabla sijampenda bwana, nilikipenda kisima.

Posa kwetu ililetwa kwa sinia. Sinia la shaba, limefunikwa kawa, ndani halwa, tambuu, ubani, chupa ya marashi na doti ya leso. Vilivyomo mnagawana, lakini sinia lenyewe mnakaa nalo mpaka mtoe jibu. Mkikubali, mnalirudisha na kitu kitamu juu yake, hata kama ni visheti kiganja kimoja. Mkikataa, mnalirudisha tupu, limeoshwa. Hakuna anayesema "hatutaki", hakuna anayeulizwa kwa nini, na kesho mnaamkiana njiani kama kawaida. Ni mila ya watu wanaoogopa kusemana. Aibu inabebwa na shaba, watu wanabaki na heshima zao.

Mama alikaa na lile sinia wiki kadhaa bila jibu. Nikimuuliza, ananiambia subira huvuta heri. Nami namjibu ngoja ngoja huumiza matumbo. "Mambo ya kuolewa hayataki pupa," anasema. "Mama, mimi si mwari. Pupa gani?" Mwisho akasema lililomkaa rohoni: "Na mimi je? Nitabaki na nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Kaka yangu alikuwa akifanya kazi Kilifi, na mkewe, mja mzito, alikuwa ameletwa kwetu apate kuzalia nyumbani. Alikuwa mtu wa bara, wa milimani huko, aliyesilimu alipoolewa. Kiswahili chake kilimchekesha mama, lakini kwa kazi hakuwa na mfano. Mama mwenyewe alimpokea kwa kusema mgeni njoo mwenyeji apone. Na wifi alikuwa ameniambia kwa ulimi wake, "Wewe enda tu uolewe. Mimi niko na mama." Nikamweleza mama hayo. Akamtazama wifi aliyekuwa akifagia ua na tumbo lake, akanitazama mimi, akashusha pumzi. "Haya," akasema. "Nisije nikaulizwa na Mola wako. Pika visheti, Ijumaa nitalirudisha mwenyewe."

Wallahi nililia. Nilikwenda jikoni nikalia kwa furaha, na moshi ukanisaidia nisionekane.

Ijumaa haikufika. Mvua za bara zilishuka, mto ukavimba, barabara ya ng'ambo ya daraja ikazama. Fundi aliyekuwa amekuja kumtazama dada yake akakwama huku mjini. Na mifereji ikakauka siku nyingi mfululizo. Unga nilikuwa nao, sukari nilikuwa nayo, lakini maji ya kukandia visheti ni maji ya mama kutawadhia, na mama alisema visheti vitangoja. Nikawa nashinda kisimani. Nyumba nzima ilinuka vyombo. Sinia la watu liliegemezwa ukuta wa jikoni, likashika moshi na kutu ya kijani.

Siku moja nilirudi na debe kichwani baada ya sala ya alasiri. Wifi alinilaki uani, anatabasamu.

"Wifi, leo nimekusaidia kazi moja. Lile sinia la wenyewe lilikuwa limechafuka, hata niliona haya. Nimelisugua na majivu na ndimu likang'ara, nikawapelekea."

"Umelipeleka na nini?"

"Na shukrani."

"Juu yake, wifi. Juu yake kulikuwa na nini?"

"Hakuna kitu. Safi kabisa."

Nililitua debe. Sikumbuki kulitua, lakini halikumwagika, maana jioni tulipikia. Nikamuuliza alimkuta nani. Akasema aliwakuta wote wawili, dada na yule fundi, wakinywa chai. Dada alilipokea kwa mikono miwili, akalitazama, akasema ahsante. Fundi alikiweka kikombe chini.

Nilipomweleza maana yake, wifi alikaa chini palepale uani, na tumbo lile, akaanza kulia. "Kwetu chombo cha mtu kinarudishwa safi! Ukikirudisha chafu ndiyo matusi!" Ningemgombeza vipi? Alikuwa amelisugua kwa maji niliyomwekea ya kuoga. Alijinyima kuoga siku hiyo ili anifanyie mimi hisani.

Nikaenda kwa mama dakani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Lo! Balaa gani hii." Nikamwambia balaa si kubwa, aende tu mara moja awaambie ni makosa ya mgeni, au amtume mjomba. Akakataa mjomba. Jambo la aibu halitumwi mtu, alisema. Mama wa binti ndiye anayekwenda. "Nitakwenda mwenyewe kesho, inshallah, miguu ikipungua."

Kesho miguu haikupungua. Kesho kutwa ilikuwa jua kali. Siku iliyofuata alisema anangoja mifereji itoke, hawezi kwenda kwa watu na nguo isiyofuliwa. Nami niliamini. Nilimkanda miguu ile asubuhi na jioni, namkanda kwa bidii kama mtu anayepiga pasi, nikiomba dua kimoyomoyo uvimbe ushuke ili nipate kuolewa.

Mwisho nikakosa subira. Nilijitwika kapu la mahamri nikaenda kwa yule dada, kana kwamba ni biashara. Nikampa shikamoo, maana alinizidi umri. "Marahaba, mwanangu, karibu, karibu sana, u hali gani, mama hajambo, nyumbani wote salama?" Nikajua nimekwisha. Watu wetu wakikukirimu kupita kiasi, ujue wamekasirika.

"Nimekuja kwa lile sinia," nikasema.

"Limefika. Na mlilisugua kwelikweli. Tangu nilinunue sijaliona liking'aa vile."

"Lilirudishwa kwa makosa. Mke wa kaka hajui mila zetu. Mama alikuwa amekubali, mimi nimekubali, visheti tu vilikosa maji."

Nadhani aliniamini, uso wake ulilegea. Lakini akasema, "Ndugu yangu alikaa hapa ulipo sasa, sinia liko mbele yake, hakuweza kuimaliza chai. Sasa nimwambie nini? Kwamba umekuja mwenyewe na kapu? Anayeposwa haji kujijibia, mwanangu, watawacheka nyote wawili. Aje mama yako. Akija kusema neno hilohilo ulilosema, mimi nitamtandikia mkeka na yataisha leo leo."

Nilirudi mbio. Nikamwambia mama mlango uko wazi, mkeka unangoja, neno moja tu. Alisema, "Alhamdulillahi. Basi kesho."

Wiki ile alifariki bibi mmoja mtaa wa pili. Mama akajifunga buibui lake, akanishika bega, tukaenda matangani, polepole, tukipumzika kwenye mabaraza ya watu. Njia ya kwenda huko inapita mbele ya mlango wa yule dada. Mlango ulikuwa wazi. Ndani nilisikia kijiko kikikoroga kikombe. Nikapunguza mwendo, nikasema kwa sauti ndogo, "Mama, si ndio hapa." Aka! Alinibana bega kwa vidole. "Twende," akasema, "jua litanipasua kichwa." Tukapita. Alitembea mpaka matangani, akakaa mpaka hitima, akarudi kwa miguu yake.

Nilielewa na sikutaka kuelewa. Niliendelea kuteka maji.

Mto ulipungua, barabara ikafunguka, fundi akavuka kurudi kwao. Wifi akajifungua salama. Arubaini ilipokwisha, kaka akapata chumba Kilifi, akaja kuwachukua. Wifi alilia akiniaga, akaniomba msamaha kwa mara ya ngapi sijui, lakini alikwenda. Ndiyo haki yake, mume yuko Kilifi. Mama aliwatazama wakipakia mizigo, akasema, "Nilijua." Mimi sikuwa nimejua. Nilidhani mtu akisema "mimi niko na mama" anasema milele.

Mifereji ilikuwa imesharudi, maji meupe, na nilikuwa dakani pamoja na mama nikichambua mchele, jirani yetu alipopita na kutuambia bila nia mbaya: yule fundi wa Mambrui ameoa, mtoto wa hukohuko, harusi ilikuwa ndogo. Mama akasema, "Mungu awajaalie." Jirani akaenda zake. Niliendelea kuchambua mchele ambao tayari ulikuwa safi.

"Nilimwona wifi yako siku ile," mama akasema.

"Siku gani?"

"Alipita hapa nalo. Akaniambia, mama, narudisha sinia la watu. Nikamwambia haya, mwanangu."

"Mama, ulijua halina kitu?"

"Halikuwa na kawa. Niliuona uso wangu mle."

Sikuwa nimewahi kumpazia mama sauti kabla ya hapo. Siku hiyo mtaa mzima ulinisikia. Nilimuuliza hakuwa na ulimi? Nilimuuliza nimemkosea nini, ni lini nimemlaza na njaa, ni lini ameamka akakosa maji. Nilimwambia ningekuja kila Ijumaa, Mambrui si Makka, mtu anakwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Watu waliokuwa wakipita waligeuza njia. Mama hakunikatiza. Alingoja nikakaukiwa.

"Ungekuja kila Ijumaa," akasema. "Na Jumamosi, ningetawadhishwa na nani?"

Nikarudisha mkono kwenye mchele.

"Niliogopa mkono wa mtu nisiyemzaa," akasema. "Ndivyo nilivyo. Nilikuwa nataka kusema, kila siku nilitaka, kisha jua linakuchwa na wewe bado uko hapa, nami nashukuru."

"Basi shukuru, mama," nikamwambia. "Nipo. Na si kwa kupenda. Nipo kwa sababu sina pa kwenda."

Neno hilo halikuwa na pa kurudi. Mtoto akimjibu mzazi hivyo, inampasa aende kumtaka radhi kabla jua halijatua. Hayo sote tumefundishwa. Sikwenda. Naye hakunidai. Tuliishi hivyo miaka iliyobaki, nyumba moja, sufuria moja, tukisema mambo ya chumvi na mkaa na paa, na kila mto ulipochafuka nilichukua ndoo zangu kwenda msikitini. Fundi nilimwona mara moja sokoni, akaniamkia kwa heshima, nikamwamkia. Nyumbani nilimkanda mama miguu kama siku zote. Watu walinisifu, walisema mtoto huyu ana pepo yake. Sifa hizo nilikuwa nazichukia.

Miaka ile ya themanini ilipokuwa inakwisha, mama alilala asiinuke tena. Wanawake walijaa chumbani na misahafu yao, na mmoja wa mashangazi akanigusa mgongo, akaninong'oneza nimtake mama radhi wakati bado anasikia. Nilipiga magoti, nikainamisha kichwa mpaka karibu na mdomo wake. Kabla sijafungua kinywa nikamsikia, sauti imebaki kidogo:

"Niwie radhi, mwanangu."

Kwetu mzazi haombi radhi kwa mtoto. Wanawake wote walinigeukia kusikia nitasema nini.

"Nimekuwia radhi, mama," nikasema. Sikuwa nimemwia. Nilisema kwa sababu alikuwa mama yangu na alikuwa anakufa. Akafumba macho, akashusha pumzi, uso wake ukatulia. Aliniamini.